Mlango Usio na Ukuta

Haikuwa zamani sana wala si mbali sana. Jina la nchi sitalitaja, maana kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambayo bado haijatangazwa. Itoshe kusema ilikuwa nchi tajiri mno. Sisi tulioishi ndani yake tulilijua hilo kwa sababu redio ilitukumbusha kila asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya matangazo ya vifo.

Kijijini kwetu Kitongamare utajiri ulikuwa chini ya kilima, na uliitwa ng'aro. Ni jiwe la rangi ya majivu. Waliosoma wanasema husagwa likapakwa kwenye vioo vya simu za watu wa mbali, ili zikianguka zisichubuke. Mtu wa kwetu akiangusha simu huiokota, akaipuliza vumbi, akaendelea kuongea. Kwa hiyo hatukujua kama tunalalia kitu cha maana namna hiyo.

Upande wa magharibi wa kilima kampuni ilikuwa imechimba miaka sita, na maendeleo yakatufikia kwa wingi. Tulipewa taa ya barabarani, moja, ndefu, ya kisasa. Umeme ulikuwa haujafika na barabara nayo ilikuwa bado, lakini taa tulikuwa nayo, na wanawake tuliifunga kamba tukaanikia kanga. Tulipewa choo cha mfano chenye vigae, kikatiwa kufuli ili kiendelee kuwa cha mfano. Kila mwanamke alipewa mwavuli wenye jina la kampuni wa kujikingia vumbi la kampuni. Na shule ilipopasuka ukuta kwa mishindo ya baruti, haikuachwa ianguke hivihivi. Iligeuzwa Ofisi ya Maendeleo ya Elimu. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilitoka na daftari langu, akaingia afisa na lake.

Kisha visima vitatu vya upande ule vikakauka. Taarifa ya serikali ikasema: "Mwanamke wa Kitongamare sasa hutembea saa mbili zaidi kila siku, jambo lililoboresha sana afya ya moyo wake." Tulipigiwa makofi bungeni.

Ikabaki chemchemi moja tu upande wa mashariki, inaitwa Mwanamizi. Maji yake hutoka chini ya jiwe, membamba kama kidole, na ndoo hujaa kwa muda wa kusimulia habari moja fupi. Wanawake wa Kitongamare hawana habari fupi, kwa hiyo ndoo zilifurika kila siku. Mwanamizi ikikauka, maji ambayo yangebaki ni ya mto Mkwaya, mwendo wa saa tano kwenda na kurudi. Mimi ndiye niliyemtekea dada yangu Somoe, aliyekuwa na mimba na miguu iliyovimba kama mihogo.

Basi ng'aro iliyo bora kuliko zote ikaonekana hapohapo, chini ya Mwanamizi.

*

Kampuni ilikuwa tayari kuanza kesho yake, ila mkurugenzi wake, Bwana Olmar, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, alikuwa na shida ndogo. Watu wa kwao wanaonunua ng'aro walikuwa wameanza kuuliza kama kina mama wa huko inakotoka wameridhika. Walitaka karatasi inayosema hivyo. Bila karatasi, hawanunui.

"Karatasi tu?" akasema Mheshimiwa Ndaro, Waziri wa Madini, Machimbo na Shukrani. "Nchi hii imepungukiwa na mengi, lakini si karatasi."

Ikatungwa Sheria ya Ridhaa ya Kina Mama. Ilikuwa sheria nzuri. Kila kijiji kitakuwa na Mwakilishi wa Wanawake. Mwakilishi ataulizwa hadharani, mara tatu, kama wanawake wameridhika. Akinyamaza mara zote tatu, wameridhika.

"Hatukuiga kwa mtu," Waziri alieleza redioni. "Ni mila yetu wenyewe. Binti akiposwa huulizwa. Akinyamaza, si amekubali? Sisi tumeichukua mila, tumeigonga muhuri."

Ili Mwakilishi asije akaharibu kazi kwa kusema, kiliongezwa kifungu cha nne. Kiliandikwa na Afisa Maendeleo wetu, Bwana Fumbuka, mtu aliyependa vifungu kama wengine tunavyopenda wali. Kilisema: "Mwakilishi atakayetamka neno lolote hadharani, uteuzi wake utafutika tangu siku ya kwanza, na itakuwa kama hakuwahi kuwepo." Bwana Fumbuka alikisoma kwa sauti mara mbili, akakikunja, akakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

*

Usaili ulifanyika ofisini kwake, yaani darasani kwangu. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Mkejina, somo wa mabinti wote wa Kitongamare. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyeolewa bila kufundwa naye, na hakuna mume asiyemwogopa.

"Jina?" akauliza Bwana Fumbuka.

"Jina langu hulijui? Nani alimfunda mkeo? Na huu ukuta mbona una ufa mpaka mjusi anatuchungulia? Na ufunguo wa choo anao nani, baba? Watu wanakwenda porini na choo tunakitazama kama picha!"

Alitoka baada ya saa nzima. Kwenye fomu yake iliandikwa: Amepungukiwa na ukimya.

Wakaingia wengine thelathini na moja, wote wakaandikiwa hivyohivyo. Mmoja alikaribia kufaulu, lakini alipofika mlangoni akageuka akasema, "Haya, kwaherini," akapoteza nafasi.

Nikaingia mimi. Tangu utoto nimejaa haya. Nikiitwa mbele za watu ulimi hunata kama umelamba gundi. Bwana Fumbuka akaniuliza jina. Nikatazama dawati langu la zamani, ambalo alikuwa amelipandishia miguu. Akaniuliza umri. Nikatazama vidole vyangu. Akaniuliza kama nina maoni yoyote juu ya maendeleo. Nikatokwa jasho.

Bwana Fumbuka akashusha miguu. Akavua miwani, machozi yakimlengalenga.

"Hatimaye," akasema. "Kiongozi."

Nikapewa barua iliyoandikwa Siwema kwa wino mwekundu, na skafu ya kijani iliyonifika magotini.

*

Siku ya kuulizwa, Mheshimiwa Ndaro alikuja na magari kumi na moja, manne kati yake yakiwa yamewabeba wapiga makofi. Akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi wa Kitongamare! Leo si siku ya machimbo. Leo ni siku ya harusi! Kampuni ni bwana harusi. Kilima ni bibi harusi. Na serikali je? Serikali ni mshenga! Mshenga huenda, mshenga hurudi, mshenga huchoka. Niangalieni, ndugu zangu, nilivyochoka!"

Tulimwangalia. Alikuwa amechoka mpaka vifungo vya shati vilikuwa vinataka kukatika.

Kisha akanigeukia na kuniuliza, "Binti Siwema, Mwakilishi wa Wanawake. Kina mama wameridhika kilima kichimbwe upande wa Mwanamizi?"

Nililijua neno la kusema. Lilipanda, likafika kooni, likakaa hapo kama mfupa wa samaki. Akauliza mara ya pili. Nikamwona Somoe amesimama nyuma, mkono kiunoni, ananitikisia kichwa: sema, sema. Akauliza mara ya tatu.

"Wameridhika!" akapaza sauti Waziri. "Vigelegele!"

Hakuna mwanamke aliyepiga. Kigelegele kilipigwa na karani mmoja wa Wizara, mwanamume mwenye ndevu, aliyepelekwa kozi kwa ajili hiyo.

Nilikimbilia Mwanamizi, nikaketi kwenye jiwe, nikalia. Wanawake wakanifuata na ndoo zao, maana hata siku ya msiba maji huchotwa.

"Mdogo wangu," akasema Somoe, "hata kikohozi?"

"Angepiga hata chafya," akasema mwingine. "Chafya si ukimya."

"Mwacheni, kwani nani alimfundisha kusema? Shule yenyewe ilikimbiwa na ukuta!"

Bi Mkejina alifika mwisho, anatweta.

"Hebu nyamazeni. Wewe mtoto, futa kamasi. Yule mshenga wenu amesema hii ni harusi?"

"Ndiyo, somo."

"Kasema kwa kinywa chake? Mbele ya watu?"

"Na redio ilikuwa inachukua."

"Basi nileteeni nyundo."

*

Kwetu bwana harusi haingii tu kama anaingia dukani. Siku anayokuja kumchukua mke, mashangazi na masomo hujifungia ndani na bibi harusi. Bwana harusi husimama nje na suti yake, anagonga, anasihi, na wanawake wanamwimbia kejeli mpaka atoe kifungua mlango kitakachowaridhisha. Hata awe jemadari, atasimama. Mlango ule hauvunjwi.

Kilima hakikuwa na mlango. Kwa hiyo Bi Mkejina aling'oa wa nyumba yake, wa mninga, na komeo lake. Tukausimamisha katikati ya njia, hatua chache kabla ya Mwanamizi, na nguzo mbili na fremu yake. Kulia kwake palikuwa na nyasi, kushoto nyasi, na mbuzi walipita pande zote mbili bila shida. Tukakaa nyuma yake, wanawake wote, tumejitanda kanga. Tukalifunga komeo.

Asubuhi tingatinga likaja. Wizara ilikuwa imelipamba maua na utepe mwekundu. Nyuma yake alikuja Waziri, Bwana Olmar na mkalimani wake, Bwana Fumbuka na mafaili, na Koplo Mbaruku na askari wanane. Wote wakasimama.

"Hiki nini?" akauliza Waziri.

"Mlango," akajibu Bi Mkejina kutoka nyuma yake.

"Naona ni mlango! Unafanya nini hapa?"

"Umefungwa."

"Koplo! Zunguka!"

Koplo Mbaruku akatazama nyasi za kulia, akatazama za kushoto. Mbuzi mmoja akapita akamtazama yeye.

"Mheshimiwa, unisamehe. Mlango wa bibi harusi hauzungukwi. Mimi siku ya kumwoa mama Zaituni nilisimama nje tangu adhuhuri mpaka magharibi, mvua inaninyea, na dirisha lilikuwa wazi. Sikuingia."

"Hakuna bibi harusi hapa, mpumbavu wewe!"

"Ulisema mwenyewe, Mheshimiwa. Nilikuwa zamu."

Waziri akamgeukia dereva wa tingatinga. Dereva alikuwa ameshazima mashine na ameshuka.

"Mzee, mke wangu yumo mle ndani," akasema. "Na leo usiku nataka kula."

Nyuma ya mlango nyimbo zikaanza. "Bwana harusi gani huyu, ana meno ya chuma!" "Kavaa kofia ya majani, mbuzi wataimaliza!" "Mshenga mwenyewe tumbo limetangulia, miguu itafika kesho!" Mkalimani alimtafsiria Bwana Olmar machache, mengine akasema hayana maana.

Basi wakaanza kutaja kifungua mlango. Walitoa aproni mia mbili. Mlango haukufunguka. Walitoa miavuli mipya, mikubwa zaidi.

"Taa ya pili!" akatangaza Waziri.

"Ya kwanza haijajifunza kuwaka," akasema Bi Mkejina. "Hiyo ya pili itafundishwa na nani?"

"Ufunguo wa choo!"

Hapo, nisiwafiche, palikuwa na mnong'ono mrefu nyuma ya mlango. Lakini Somoe akasema choo bila maji ni chumba tu, tukatulia.

Siku ya pili ikaundwa Kamati ya Mlango. Siku ya tatu ikatoa ripoti ya kurasa sabini. Ilipendekeza dirisha.

*

Siku ya nne Waziri alikuja anatabasamu, na Bwana Fumbuka pembeni yake ameshika sheria, wapiga makofi na watu wa redio nyuma yao.

"Nyie wote mnaopiga kelele hamtambuliki," akasema. "Serikali inamtambua mmoja. Siwema atoke mbele!"

Nikatoka na skafu yangu, nikasimama kando ya mlango.

"Binti Siwema," akasema Waziri kwa upole, kama anayemwita kuku, "mlango ufunguliwe?"

Bi Mkejina akafungua kinywa, Bwana Fumbuka akamnyooshea kidole. "Wewe ulifeli usaili!"

Neno lilikuwa limerudi mahali pake, palepale kooni.

"Mara ya pili. Mlango ufunguliwe?"

Dereva akapanda kwenye tingatinga taratibu, anaona aibu. Karani mwenye ndevu akaanza kulainisha ulimi.

Ndipo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea Kitongamare tangu kilima kiwekwe. Wanawake wakanyamaza. Wote. Hapakuwa na anayeimba wala anayenong'ona wala anayemkemea mtoto. Na katika kimya kile nikasikia maji. Mtu alikuwa ameacha ndoo chini ya jiwe, imejaa, inamwagika, inaendelea kupokea. Ilikuwa ndoo ya Somoe. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitega.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Mlango u—"

"Hapana," nikasema.

Nilishtuka kuliko yeye. Sikujua kama sauti yangu ni nene namna ile.

"Hapana, usifunguliwe," nikasema tena, nione kama itatoka. Ikatoka. Na nyuma yake yakatoka mengine, kama komeo lilikuwa kwangu. "Ndoo ile ni ya dada yangu. Ana mimba ya miezi minane. Mtoni ni saa tano, mtazaa njiani nyinyi? Visima vitatu mmeshavikausha. Taa yenu tunaanikia kanga. Moyo wangu una afya, asanteni, haukuomba kutembezwa. Na wewe Bwana Fumbuka, dawati unalopandishia miguu ni langu. Geuza mfuniko utaona, nimeandika kuzidisha kwa saba. Kwa nane sikufika. Darasa ulilijaza mafaili!"

"Amesema!" Bwana Fumbuka akaruka juu kwa furaha. "Mheshimiwa, amesema! Kifungu cha nne!" Akakitoa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. "'Mwakilishi atakayetamka neno lolote hadharani, uteuzi wake utafutika tangu siku ya kwanza, na itakuwa kama hakuwahi kuwepo!' Binti huyu si mwakilishi! Hakuwahi kuwa! Hapana yake haipo!"

Wapiga makofi wakapiga makofi.

Bwana Olmar akamwinamia mkalimani wake, akasikiliza. Akakunja uso. Akasema maneno machache, na mkalimani akakohoa.

"Bwana Mkurugenzi anauliza. Kama hakuwahi kuwepo, siku ile nani alinyamaza?"

Makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja, kisha naye akajitazama mikono.

"Fumbuka," akasema Waziri kwa sauti ndogo, "kikunje hicho."

"Lakini Mheshimiwa, sheria ni..."

"Kikunje!"

"Kimeshasomwa," akasema Bi Mkejina. Alifungua komeo, akatoka mlangoni kwa madaha, akafunga nyuma yake. Akamsogelea Waziri mpaka karibu. "Mheshimiwa, mshenga wetu. Umeridhika kwamba ridhaa haikuwepo, karatasi ile si kitu, na tingatinga lirudi lilikotoka?"

Waziri akatazama redio iliyokuwa inachukua. Akamtazama Bwana Olmar, ambaye alikuwa ameshavua kofia na anajipepea.

"Mara ya pili, baba. Umeridhika?"

Jasho likamtoka. Nilimhurumia. Najua inavyokuwa.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Umeridhika?"

Waziri akatazama vidole vyake.

"Ameridhika!" akapaza sauti Bi Mkejina.

Na vigelegele safari hii vilipigwa na wenyewe. Karani mwenye ndevu naye akapiga chake, na kusema kweli kilikuwa kizuri. Kozi ilimsaidia.

*

Kampuni ilirudi upande wa magharibi, ambako bado inatuletea vumbi na maendeleo. Mwanamizi inatoka maji yake membamba kama kawaida. Mlango upo palepale njiani. Nyumba ya Bi Mkejina sasa imetundikwa kanga mlangoni, na anasema ni afadhali, anasikia mambo vizuri zaidi.

Nafasi ya Mwakilishi iko wazi mpaka leo. Bwana Fumbuka anazunguka na fomu nyumba kwa nyumba akitafuta mwanamke anayejua kunyamaza. Kwangu aliingia mara moja tu. Nilimweka saa mbili, nikamsomea kuzidisha kwa nane mpaka mwisho, kisha kwa tisa.

Somoe alijifungua mtoto wa kike, akamwogesha maji ya Mwanamizi. Bwana Fumbuka alikuwa anapita nje. Akasikia kilio cha mtoto kikitikisa mabati, akasimama, akatoa fomu mpya, akasubiri kidogo labda atanyamaza. Hakunyamaza.

Akaandika: Amepungukiwa na ukimya. Akaenda nyumba ya pili.